Glavu tunazo, vifaa ndivyo hatuna

Mhariri,

Msomaji wenu mmoja ameandika katika ukurasa huu kwamba mafundi wa magari makubwa wangekubali kuvaa glavu, habari za vidole kukatika zingekwisha. Glavu ninazo. Zimejaa rafu nzima, za ngozi, za pamba na za mpira mwembamba, na mimi ndiye ninayezigawa, maana kazi yangu ni kutunza stoo ya vifaa katika karakana ya malori, mabasi na matela. Mafundi wananiita mama stoo. Dirisha langu linatazama uwanja wa kazi, sanduku la huduma ya kwanza liko chini ya meza yangu, na daftari la majeraha naandika mimi. Naomba nafasi nimjibu ndugu huyo, kwa sababu ushauri wake ukifuatwa kama ulivyo utaongeza majina katika daftari langu.

Ukilisoma daftari hilo ukurasa baada ya ukurasa, utaona jambo ambalo glavu hazilifikii. Karibu kila aliyeumia mkono alikuwa anautumia mkono huo kufanya kazi ya kifaa. Kidole kimelinganisha matundu. Kiganja kimepima kama bomba linavuja. Mkono wa kushoto umekuwa jiriwa, umeshika kipande cha chuma huku wa kulia ukikitoboa. Na kila nikirudi nyuma kidogo nakuta kifaa chenyewe ama hakikuwamo stoo, ama kilikuwamo kimoja na kimeazimwa upande wa pili wa uwanja, ama kilivunjika na maombi ya kununua kingine yakalala mezani kwa mtu.

Nianze na springi, maana ndiko vidole vingi vinakoishia. Anayejua kazi hii anajua hatua ya mwisho ya kuirudisha springi kwenye lori. Ekseli imeinuliwa kwa jeki, jicho la springi limelikaribia tundu la kwenye chesisi, na lazima matundu mawili yakae sawasawa ndipo pini ipite. Pale hapaonekani vizuri. Pana giza, grisi iliyokauka na tope la safari. Msaidizi yuko kwenye mpini wa jeki. "Ongeza. Ongeza kidogo. Basi." Hapo fundi anaingiza kidole cha shahada tunduni, apapase kama yamelingana. Anahisi ukingo umebaki, unene wa ukucha tu. Anasema, "Shusha kidogo sana." Jeki ya haidroliki haijui kidogo sana. Vali ikilegezwa hushuka kwa mshtuko, na uzito wote wa ekseli pamoja na springi iliyokuwa imekunjwa unapita katikati ya tundu lile kama mkasi.

Glavu ingefanya nini hapo? Ingekatwa pamoja na kidole, na daktari angeongezewa kazi ya kuchomoa nyuzi za pamba kwenye kidonda.

Kinachotakiwa pale ni chuma cha mviringo, urefu wa mkono hadi kiwiko, kilichochongoka upande mmoja. Unakisukuma tunduni, unakitikisa, matundu yanajivuta mpaka yanakaa sawa. Jeki ikishuka, kimebanwa chuma. Mtu mwenye kipande cha shafti chakavu na mashine ya kukerezea anakichonga kabla ya mchana. Sisi tulikuwa nacho kimoja kwa mafundi wote, nacho kilikuwa kimegongwa kwa nyundo kama tindo mpaka kichwa kikavimba na kuanza kumeguka vipande, ambalo ni jeraha jingine linalosubiri jicho la mtu.

Gia boksi ni hadithi ile ile. La lori kubwa huweza kupita kilo 250. Pasipokuwa na jeki yake maalumu yenye kitanda cha kulilaza, linainuliwa kwa mnyororo, kamba na mabega ya vijana, halafu mtu anapitisha vidole kati ya gia boksi na injini ili aone kama shafti imeingia kwenye klachi. Boksi likiteleza likaingia mahali pake, limeingia na vidole. Sitasema mengi, mafundi wanaosoma hapa wengine wanakishika kikombe kwa vidole vitatu na wanajua nasema nini.

Jambo ninalotaka lisomwe mpaka mwisho ni la presha, kwa sababu hilo ndilo watu hawaliogopi.

Tairi la lori hujazwa upepo wa bar 8 hivi (bar ni kipimo cha presha), na kila mtu analiheshimu kwa sababu amewahi kulisikia likipasuka. Lakini haidroliki ya kuinulia bodi la tipa hufanya kazi kwenye bar 200 hivi. Bomba la grisi la mkono, lile la kawaida ambalo kila kijana anaanza nalo kazi, linaweza kupita bar 300 kwenye ncha ikiwa nipeli, kile kichuchu kinachopokea grisi, imeziba. Na mfumo wa dizeli wa injini za kisasa, ule wenye reli moja inayolisha nozeli zote, unafika bar 2,000. Tundu dogo lisiloonekana kwenye bomba la namna hiyo linatoa mchirizi mwembamba kuliko sindano, na mchirizi huo unapita kwenye glavu, unapita kwenye ngozi, unaingia ndani ya kidole na kusafiri ndani ya ala za kano, yaani mifuko inayozifunika kano za kidole, mpaka kiganjani. Fundi anayepitisha mkono kando ya bomba akitafuta unyevu anajidunga mwenyewe.

Alikuja dirishani kwangu kijana mmoja, mpole, wa kitengo cha pampu. "Mama stoo, nisaidie plasta." Nikamwangalia kidole. Kidoti kimoja kwenye nyama ya ncha ya kidole, hata damu haikuwapo, pembeni pamepauka kidogo. Nikamuuliza ulikuwa unafanya nini, akasema dizeli ilikuwa inafoka akaishika. Haumwi sana, alisema, kinawasha tu. Nilimtoa kazini nikampeleka kutibiwa, na kule tulikofika akapewa vidonge vya maumivu, akafungwa bandeji, akaambiwa arudi akiona uvimbe. Usiku huo kidole kikajaa mpaka kikawa kigumu, asubuhi kimegeuka rangi, na hospitali ya pili iliyompokea ikampasua kuanzia ncha hadi kiganjani kuosha dizeli iliyokuwa imekula nyama. Kidole kilikatwa pingili mbili.

Siwalaumu waliomwona kwanza kwa roho mbaya. Jeraha hili linadanganya kwa sababu saa za mwanzo linaonekana si kitu. Lakini si jipya. Daktari aitwaye Rees aliandika mwaka 1937 katika jarida la madaktari wa Marekani kuhusu mafuta ya injini ya dizeli yaliyopenya mwilini kwa presha namna hii hii. Tangu wakati huo madaktari wa upasuaji wa mikono wamekuwa wakirudia jambo moja: jeraha la kudungwa na mafuta, grisi au rangi kwa presha ni dharura, linahitaji kufunguliwa na kusafishwa ndani ya saa chache, na baada ya saa 6 uwezekano wa kukipoteza kidole unapanda. Dizeli na tina ya kuyeyushia rangi ni mbaya kuliko grisi, maana zinaunguza nyama. Ganzi isichomwe kwenye kidole chenyewe, kwa kuwa inaongeza mgandamizo mahali ambapo damu tayari inahangaika kupita.

Sasa nimebandika karatasi ndani ya sanduku la huduma ya kwanza. Imeandikwa: amedungwa na nini, kwa presha gani, saa ngapi. Anayepelekwa kutibiwa anaondoka nayo mkononi, na anayempeleka ameagizwa asikubali kurudi na vidonge kabla daktari wa upasuaji hajakiona kidole.

Na kifaa cha kutafutia uvujaji? Kipande cha boksi gumu kilichofungwa kwenye mti mrefu. Injini ikinguruma unakipitisha kando ya bomba, mchirizi unachora alama kwenye boksi. Ukishaona, unazima, unaiacha presha ishuke, ndipo unashika spana. Maboksi ya vichujio vya oili yalikuwa yanachomwa kila jioni. Sasa nayakata na kuyatundika dirishani. Hiki ndicho kifaa pekee katika barua hii ambacho hakuna mtu aliyelazimika kukitilia saini.

Turudi kwenye glavu, nisije nikaonekana nazichukia. Anayebeba bati lililokatwa, anayeshika jani la springi lililovunjika, anayefungua bomba la moshi lenye moto, avae ya ngozi. Anayemwaga oili chafu avae ya mpira mwembamba, na aache kunawa kwa petroli, ambayo inaondoa mafuta ya asili ya ngozi na kuiacha mikono imepasuka kila mahali. Lakini kwenye drili ya kusimama, kwenye brashi ya waya inayozunguka, karibu na feni ya injini, glavu hiyo hiyo ni mtego. Kitambaa kikiguswa na ncha ya drili hakichaniki upesi kama mtu anavyodhani. Kinajisokota, na mkono unakifuata. Hapo ninachogawa ni jiriwa na vibano vya kushikia kipande, na nikimwona mtu na glavu mbele ya drili nampigia kelele kutoka dirishani mbele ya wateja.

Grainda nayo ina ugonjwa wake. Mtu ana grainda ndogo, jiwe la saizi yake limekwisha, liko la inchi 9. Anaondoa kikinga, jiwe linaenea, kazi inaendelea. Jiwe la inchi 9 huwa limeandikwa usoni mwisho wa kasi yake, mizunguko 6,600 hivi kwa dakika. Grainda ndogo huzunguka 11,000. Fundi hana haja ya kuwa mtaalamu wa hesabu kuona kwamba hilo jiwe litapasuka. Kinachotakiwa ni stoo kuwa na mawe ya saizi zote mbili, na kikinga kisiwe na namna ya kutoka bila ufunguo wangu.

Madereva wanisamehe kwa hili linalofuata. Fundi ameinama, mkono uko kati ya feni na radieta, anapima mkanda. Dereva, aliyechoka kusubiri, anapanda kabini na kuwasha ili asikie kama sauti imebadilika. Sijakutana na dereva aliyefanya hivyo kwa ubaya, na sijakutana na feni iliyojali nia ya mtu. Siku hizi ufunguo wa gari lililo kwenye matengenezo unakaa mfukoni mwa yule ambaye mikono yake imo ndani ya injini, na swichi kuu ya betri inafungwa kwa kufuli. Kuna dereva aliyenuna wiki nzima.

Nina pia kopo la pete. Pete ya ndoa na saa ya mkanda wa chuma ni vitu vizuri nyumbani. Kwenye betri za lori, mbili zilizounganishwa zikatoa volti 24, ni balaa. Spana ikigusa ncha ya chanya, na pete ikagusa spana upande huu na chesisi upande wa pili, umeme wote wa betri unapita kwenye pete, na pete inakuwa nyekundu ikiwa bado kidoleni. Ndiyo maana waya wa hasi unatangulia kutolewa. Na anayeruka kutoka juu ya bodi la lori pete ikanasa kwenye ndoano anaweza kushuka chini akaiacha ngozi ya kidole kule juu. Kwa hiyo asubuhi kila mwenye pete anaiacha kwangu, naifunga kwenye kikaratasi chenye jina lake. Mke wa fundi mmoja alikuja kuuliza kwa nini pete ya mumewe inalala kwa mama stoo. Nilimwonyesha betri. Tukaelewana.

Yapo pia majeraha ambayo hayaandikwi popote kwa sababu hayana siku yake. Mashine ya upepo ya kufungulia nati za matairi inatikisa mkono, na mkono unaotikiswa miaka mingi unapoteza hisia: vidole vinakufa ganzi, vinapauka vikipata baridi, hatimaye mtu hawezi kuokota nati ndogo wala kufunga kifungo cha shati. Daktari Alice Hamilton aliyaona haya mwaka 1918 kwa wachonga mawe wa Bedford, Indiana, waliotumia nyundo za upepo. Ulaya wana kikomo cha mtikisiko huo kwa siku ya kazi ya saa 8: mita 2.5 kwa sekunde ya mraba mwajiri aanze kuchukua hatua, na mita 5 hakuna kuzidi. Sisi tuna mzee mmoja bingwa wa matairi ambaye sasa anaomba vijana wamfungie kamba za viatu, na katika daftari langu jina lake halimo hata mara moja.

Bosi wetu si mtu mbaya. Lakini kila nikipeleka orodha ya vifaa jibu lake ni kwamba mafundi ni wazembe, wangekuwa makini wasingeumia. Namjibu hapa hadharani kwa heshima yote: makini ya mtu aliyelala chini ya tela kuanzia alfajiri inaisha kabla ya kazi kuisha. Chuma hakichoki. Tena kuna jambo anapaswa kulijua. Shirika la Kazi Duniani, katika mkataba wake namba 155 wa mwaka 1981, ibara ya 21, linasema hatua za usalama na afya kazini hazitamgharimu mfanyakazi chochote. Ibara ya 13 inamlinda mfanyakazi anayejiondoa kwenye kazi ambayo ana sababu ya msingi ya kuamini inahatarisha maisha au afya yake papo hapo. Na Juni 2022 shirika hilo liliingiza mazingira salama na yenye afya kazini miongoni mwa haki za msingi za mfanyakazi. Kijana anayejinunulia mwenyewe miwani ya kukingia macho analipa deni la mtu mwingine.

Nikiwa bado na nafasi, mhariri, naomba hili lichapwe hata kama mengine mtayapunguza. Kidole kikikatika, kitafuteni. Kisioshwe kwa sabuni wala spiriti, kisitupwe ndani ya barafu. Kioshwe taratibu kwa maji safi, kifungwe kwenye kitambaa safi chenye unyevu, kiwekwe ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa, na mfuko huo ndio uwekwe kwenye maji yenye barafu. Barafu ikikigusa moja kwa moja inakiua. Kidole hakina misuli ndani yake, hivyo kikitunzwa kwa baridi kinaweza kuvumilia saa nyingi kuliko mkono mzima. Tangu mwaka 1965, madaktari Komatsu na Tamai wa Nara, Japani, walipokirudishia mtu kidole gumba kilichokatika kabisa, kazi hii inafanyika pale penye wapasuaji wenye ujuzi na darubini zao. Haiwezekani kila mahali, wala kwa kidole kilichopondwa mara nyingi haifai, lakini waamuzi wawe madaktari, wasiwe waliokifagia pamoja na vumbi la chuma.

Katika orodha yangu ya mwisho bosi alipitisha vyuma vya kulinganishia matundu, jeki ya gia boksi, na bolti za kufungia springi za chemba za breki, zile ambazo bila kuzifunga kwanza chemba ikifunguliwa inaruka kwa nguvu ya kuua. Namshukuru. Alichokata ni kizimba cha kujazia upepo matairi yenye rimu za vipande, zile zenye ringi ya kufunga pembeni. Ringi hiyo ikikaa vibaya inatoka na kila kilicho mbele yake, mikono ya anayeigonga ikiwa ya kwanza. Marekani wamekuwa na kanuni ya kizimba hicho tangu mwaka 1980, pamoja na hosi ndefu yenye klipu na geji ili anayejaza asimame mbali. Hosi tumenunua. Kizimba bado. Mpaka kifike, tairi la rimu ya vipande likiletwa karakanani kwetu mimi sitoi hosi ya upepo kwa mtu yeyote, na bosi nimemwambia hivyo kwa maandishi, nakala iko kwenye daftari.

Mama Stoo,
karakana ya magari makubwa